Inside Llewyn Davis: itazameni, na msiruke nyimbo

Ndugu yangu, umeuliza kama filamu hii inafaa, maana umesikia haina mwisho na jamaa mwenyewe kaangushwa na kiburi chake. Itazame. Mimi napiga udi kwenye arusi hapa Lamu, na sijaona filamu nyingine iliyoijua kazi hii namna hii.

Ni ya ndugu wawili, Joel na Ethan Coen, ilitoka 2013. Hadithi yenyewe ni ya 1961, Greenwich Village, New York, wakati wa baridi. Llewyn anapiga gitaa na kuimba nyimbo za kale, hana pa kulala ila makochi ya watu.

Wengi humwita mjinga kwa lile tukio la studio. Anaitwa kusaidia kurekodi wimbo wa mzaha, anataka alipwe papo hapo, na kwa hivyo anaachia malipo yatakayokuja wimbo ukivuma. Mimi simwiti mjinga. Alikuwa na shida ya pesa siku ile. Sisi wapiga ala tunalipwa vivyo hivyo: unapewa chako, unaondoka. Udi wangu umo kwenye rekodi zinazochezwa arusini mpaka leo, na baada ya siku ya kurekodi sikupata hata senti. Mwenye nyumba anataka kodi, mtoto amerudishwa kwa karo. Utamwambia nani asubiri wimbo uvume?

Halafu Chicago, anakokwenda kutafuta kazi ya kuimba. Hata sisi huvuka kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, tukashika njia ya Mombasa. Zein l'Abdin mwenyewe, yule mpiga udi na mwimbaji wa taarab, alizaliwa Lamu, lakini muziki wake aliufanyia Mombasa. Llewyn anamwimbia mwenye klabu wimbo mzima, na Oscar Isaac, anayemwigiza Llewyn, anaimba kwa sauti yake mwenyewe. Yule mzee mwenye klabu anasikiliza kimya, kisha anasema haoni pesa nyingi hapo. Hakusema ameimba vibaya! Meneja mmoja wa hoteli aliwahi kunisifu hivyo hivyo, kisha akaniuliza kama najua nyimbo za kuwachangamsha wageni. Afadhali ungeambiwa hujui kupiga, ungekwenda kujifunza.

Kiburi anacho, kweli. Anapomzomea mama wa watu aliye jukwaani simtetei kabisa. Lakini hata angekuwa mpole, yule wa Chicago angemjibu yale yale.

Tafuta spika nzuri, si ya simu. Nyimbo nyingi zimeachwa ziende mpaka mwisho, na hadithi imo humo.