Muulize Mwalimu: Mashimo tisa katikati ya majani chai

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi mwenye umri wa miaka 38, nafanya kazi Kapsabet. Daktari mmoja aliyehamishwa aliniachia mfuko wa gofu wenye fimbo saba na mipira minne iliyochubuka. Tangu siku hiyo napigia mipira nyuma ya nyumba, na juzi nilitoboa karai la mama mwenye nyumba. Nataka kucheza kiwanjani sasa, ila kila ninayemuuliza ananiambia gofu ni ya mabwanyenye wa Nairobi. Je, huku mashambani kuna mahali ambapo mtu wa mshahara wangu anaweza kulipa akacheza bila kuwa mwanachama? Na watu hawatanicheka?
Muuguzi, Kapsabet

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza mnunulie mama wa watu karai jipya, halafu tuendelee.

Watakucheka. Mimi nilichekwa. Nilianza mwaka 2008 nikiwa na miaka 44, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na nusu seti ya mitumba niliyoinunua kwa shilingi elfu sita. Siku ya kwanza nilipoteza mipira kumi na mmoja kabla ya shimo la sita. Kedi niliyepewa, yaani mbeba mfuko wa fimbo, alikuwa kijana niliyemfundisha darasa la sita. Miaka ile nilikuwa nikimkaripia kila siku kwa kutotazama ubao, asubuhi hiyo akanikaripia yeye: “Mwalimu, tazama mpira! Mbona unatazama unakotaka uende?” Alikuwa na haki, na nadhani alikuwa akifurahia pia.

Turudi kwa swali lako. Kiwanja cha umma kabisa, cha kuingia mtu yeyote, akalipa na kucheza, ni nadra Kenya. Nairobi kuna Golf Park, pale Ngong Racecourse, lakini huko ni mjini na wewe uko milimani. Viwanja vya mashambani ni vya vilabu. Vingi vilianzishwa na walowezi na wenye mashamba ya chai waliokuwa mbali na miji na hawakuwa na pa kwenda jioni. Leo vilabu hivyo vinahitaji watu. Siku ya Jumanne saa mbili asubuhi utakuta kiwanja kitupu, mkata nyasi mmoja, na karani anayefurahi kuona uso mpya. Kwa hiyo mgeni anayelipa ada ya kiwanja hupokelewa, na ada ya siku ya kazi huwa chini ya ile ya Jumamosi.

Wewe una bahati. Nandi Hills si mbali nawe, na hapo ndipo penye Nandi Bears Club, mashimo 9 katikati ya mashamba ya chai. Jina ni la yule mnyama wa hadithi ambaye wakoloni walimwita dubu wa Nandi, na ambaye wengi humhusisha na chemosit, anayetumiwa kuwatisha watoto wasiotaka kulala. Mpira ukiingia kwenye chai jioni kiza kikianza kuingia, utaelewa hadithi hiyo ilizaliwaje. Ukipata likizo, kuna Kericho nako, chai tupu vilevile, na Nyahururu, na Nanyuki ambako ikweta inapita jirani. Vyote ni vya mashimo 9.

Usidharau mashimo 9. Kwenye viwanja vingi vya namna hiyo, kila shimo lina sehemu mbili za kuanzia, ili anayetaka 18 azunguke mara mbili na mzunguko wa pili usiwe uleule wa kwanza. Lakini wewe mwezi huu wote cheza 9 tu, urudi nyumbani kabla hujachoka na kuanza kuichukia gofu. Hata siku utakapopata hendikapu, yaani namba ya kupimia uwezo wa mchezaji, ambayo kadiri ilivyo kubwa ndivyo alivyo mbovu, alama za mashimo 9 zinahesabiwa. Hendikapu yenyewe inaruhusiwa kufika 54, kwa hiyo hakuna mtu mbovu kiasi cha kukosa nafasi.

Kabla hujapanda matatu, piga simu uulize mambo matatu: ada ya mgeni siku za kazi, kama ni lazima kuchukua kedi, na kama siku hiyo kuna mashindano. Swali la tatu ndilo watu husahau. Mimi nililisahau mwaka 2010, katika klabu nisiyoitaja, nikafika na mfuko mgongoni nikakuta wazee wa kampuni wamejipanga na kofia za mdhamini. Nilikunywa soda moja nikarudi nyumbani, nauli imekwenda bure.

Valia shati lenye kola, suruali isiyo ya jinzi, na raba zenye soli inayoshika. Viatu vya misumari vitakuja baadaye, au visije kabisa. Mimi nilicheza miaka mitatu na raba za kuendea sokoni. Fimbo saba zinatosha. Sheria inakataza kuzidisha 14, haisemi popote kwamba ukiwa na saba umepungukiwa. Mpira mpya usinunue. Waulize makedi, wana mipira ya kuokota iliyooshwa vizuri, na ukiirudisha kichakani haitakuuma moyo. Hesabu niliyojifunza kwa uchungu ni kwamba mwanzoni ada ya kiwanja haimmalizi mtu pesa, mipira ndiyo humfilisi.

Sasa kedi. Hata kama si lazima, mchukue. Ulizia malipo yake kwa msimamizi wa makedi kabla hamjaanza, mlipe mkononi mwake mkimaliza, na mkipumzika mnunulie chai na chapati. Huyo ndiye chuo chako cha gofu, tena cha bei nafuu kuliko mkufunzi yeyote. Anajua mteremko ambao macho yako hayauoni. Anajua shimo lipi lina mtaro nyuma ya kilima. Na yeye, tofauti na wanachama, ameona wabovu kukuzidi. Ukimwambia “leo ndiyo mara yangu ya kwanza” bila kuona haya, atakufundisha. Ukijifanya mjuzi atanyamaza, akuachie aibu yako.

Nyasi nazo nikuonye. Fewei, yaani njia za nyasi fupi kuelekea shimo, milimani kwetu ni nyasi za kikuyu, zilezile za kulishia ng’ombe. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na zimesafiri kuliko sisi: hata Riviera kule Los Angeles wanacheza juu yake. Zikikatwa fupi, mpira hukaa juu yake kama yai kwenye kiota, raha tupu. Lakini pembeni, zilikoachwa zirefuke, hushika fimbo kama mkono wa mtu. Ukiangukia humo usitake makuu. Shika fimbo fupi yenye uso uliolala, piga kwa kushuka, utoke tu urudi kwenye nyasi fupi. Kila mara nilipojaribu kufika kwenye grini, ile sehemu laini yenye shimo, kutoka humo kwa fimbo ndefu, mpira ulisogea hatua nne na kiwiko kikauma siku mbili.

Mwinuko je? Nandi Hills iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali kidogo kuliko Mombasa, pengine tofauti ya fimbo moja, yaani fimbo fupi kidogo itakufikisha pale pale. Usifurahi sana, maana mpira uliopinda nao hupotelea mbali zaidi. Anza asubuhi. Mwenyewe unaijua mvua ya huko: saa nane mchana anga linanguruma, na mvua ya mawe haichagui mwenye hendikapu. Ukisikia ngurumo, weka fimbo chini uondoke kiwanjani. Wala usijikinge chini ya mti.

Ukifika kwenye grini, tembea polepole, usikanyage njia ya mpira wa mwenzako. Tangu mwaka 2019 bendera unaweza kuiacha shimoni unapopiga kutoka kwenye grini, na kwa anayecheza peke yake huo ni wepesi mkubwa. Bonge la nyasi ulilong’oa lirudishe mahali pake. Waliokufuata wakiwa na kasi kukuzidi, simama pembeni wapite, uwasalimie. Hayo ukiyafanya, kicheko kitaisha mapema. Wenye gofu humsamehe anayepiga vibaya; anayewachelewesha ndiye hawamsamehe.

Lo, karibu nisahau: kuhusu “mabwanyenye”. Wapo, wana magari yao na kelele zao kwenye baa. Lakini asubuhi ya Jumanne niliyokueleza, niliowahi kucheza nao ni fundi wa mitambo ya kiwanda cha chai, padri mmoja mwenye hasira mbaya, na mama muuza mbolea anayetushinda sote.

SWALI: Mwalimu, baba yangu anasema enzi zake walipiga gofu kwenye grini za mchanga na oili. Ananitania?
Kijana wa Nyeri

JIBU: Hakutanii. Ziliitwa brauni kwa rangi yake. Palipokosekana maji ya kumwagilia nyasi, walitandaza mchanga, wakauchanganya na oili chafu ya injini ili usipeperuke. Kabla ya kupiga, mtu aliburuta ubao au gunia kusawazisha njia ya mpira na kufuta nyayo. Nilicheza juu yake mara moja. Mpira unaenda polepole na moja kwa moja, bila zile hila za mteremko. Soksi zangu nyeupe nilizitupa.

SWALI: Mwalimu, tuamulie. Shimo la nne nilipiga vizuri, mpira ukatua katikati ya fewei, sote wanne tunautazama. Tumbili akashuka mtini, akauchukua, akapanda nao. Mwenzangu anasema huo ni mpira uliopotea, nirudi nilikopigia na niongeze mkwaju wa adhabu. Mimi niliweka mwingine pale pale, nikapiga ukafika kwenye grini, nikamaliza kwa mikwaju miwili, lakini yeye kaniandikia sita. Tulibishana mpaka chai ikapoa.
Aliyeibiwa, Njoro

JIBU: Mwenzako amekosea, ingawa namwelewa, pengine mlikuwa mnacheza kwa pesa. Kanuni ya 9.6 iko wazi: ikijulikana kwa hakika kwamba kitu cha nje kimeuondoa mpira wako, na tumbili ni kitu cha nje, hakuna adhabu. Unaweka mpira pale ulipokuwa, au mahali mnapokadiria kuwa ndipo. Usipoweza kuupata ule wa kwanza kwa urahisi, unatumia mwingine. Hakuna anayekutaka upande mti. Mngekuwa mmefika mkaukosa tu, bila yeyote kumwona mwizi, hapo mwenzako angekuwa na hoja: mnautafuta dakika 3, si 5 kama zamani, na usipoonekana unarudi nyuma na adhabu yako.

Mshukuru Mungu hamko Jinja. Kule Uganda, kando ya Nile, kanuni ya kiwanja iliruhusu mpira ulioangukia kwenye unyayo wa kiboko kuokotwa bila adhabu. Tumbili angalau unaweza kumfukuza kwa kofia.

Kwa hiyo ulipopiga ule mpira wa pili kutoka pale pale ukafika kwenye grini na kumaliza kwa mikwaju miwili, jumla yako ni minne. Futa ile sita aliyokuandikia. Na chai ya pili alipe yeye.