Mlinzi mwenzangu, uliza zamu ya usiku ina nani

Kila mahali nilipolinda hapa Mombasa, kuanzia maghala ya Shimanzi hadi hoteli za Nyali, sikukosa kuona sanduku la huduma ya kwanza ukutani. Kwa hiyo siku hizi nikipangiwa lindo jipya siulizi kama sanduku lipo. Nauliza hivi: saa nane usiku mtu akianguka hapa getini, ni nani kati yetu anayejua la kufanya?

Nawe uliza, tena uulize bila woga, kwa sababu sheria iko upande wako. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 kinataka sanduku liwe mahali panapofikika upesi, na ndani yake msiwekwe kitu kingine chochote ila vifaa vya huduma ya kwanza. Funguo za stoo na chaja za simu zitafutiwe pahali pake. Halafu kinataka sanduku liwe chini ya mtu anayewajibika. Penye wafanyakazi zaidi ya 10, mtu huyo lazima awe amefunzwa huduma ya kwanza na awe anapatikana wakati wote wa kazi, na jina lake libandikwe watu walione.

Wakati wote wa kazi. Kwetu sisi walinzi, kazi haina saa ya kufunga. Ikiwa aliyefunzwa ni karani wa ofisini anayetoka saa kumi na moja jioni, basi tangu hapo hadi kunapambazuka lindo halina mtu, hata sanduku likiwa limejaa bandeji pomoni.

Ukishauliza, jiandae kuzungushwa. Kampuni ya ulinzi itakwambia hayo ni ya mwenye jengo, na mwenye jengo atakwambia walinzi si wafanyakazi wake. Nimeona barua zikienda na kurudi namna hiyo huku zamu ya usiku ikibaki vilevile. Sheria inamtwisha mzigo anayeendesha mahali pa kazi, na mwajiri naye amehesabiwa humo humo, kwa hiyo hakuna kati yao wa kujitoa. Njia niliyoona ikizaa matunda ni kupitia kamati ya usalama na afya, ambayo lazima iwepo penye wafanyakazi 20 au zaidi. Andika ombi fupi: tunaomba jina la aliyefunzwa kwa zamu ya mchana, na jina la aliyefunzwa kwa zamu ya usiku. Baki na nakala. Sheria hiyo hiyo inamkataza mwajiri kukufukuza au kukubagua kwa kuwa tu umelalamikia jambo la hatari. Wakikaa kimya, nenda kwa wakaguzi wa usalama na afya kazini wa serikali ukiwa na nakala yako mkononi.

Sasa mafunzo yenyewe. Hapa ndipo naomba unisikilize zaidi, maana cheti kinaweza kupatikana na mtu akabaki hajui kitu. Usikubali mafunzo ya kukaa kwenye kiti, kutazama picha ukutani, kutia saini na kupewa cheti kabla ya chakula cha mchana. Mafunzo ya kweli yanakutoa jasho. Unapiga magoti sakafuni mbele ya sanamu ya mazoezi yenye umbo la mtu, ukiichukulia kama mtu ambaye moyo wake umesimama, unaweka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, viwiko umevinyoosha, unakandamiza kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila ukikandamiza unakiacha kifua kirudi juu chenyewe. Mara 30, kisha unapuliza pumzi 2 mdomoni, kisha tena 30. Ukifika dakika ya pili mabega yanawaka na mwendo umeanza kupungua bila wewe kutambua. Mwalimu aliyenifunza, mama mmoja muuguzi mstaafu, alikuwa akipiga makofi ya kuhesabu na kutupokezanisha kwa zamu kabla hatujachoka. Hilo la kupokezana mwili ndio unaolishika.

Haraka yote hiyo ni kwa sababu moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi. Foleni ya Changamwe unaijua. Gari la wagonjwa litafika, lakini hizo dakika 4 ni zako wewe uliyesimama getini.

Nimemwona mwenzangu wa lindo akizitumia vizuri. Bodaboda iligongwa mbele ya lango letu, dereva akachanika paja, damu inamwagika. Watu walishaanza kumnyanyua, mwingine analeta maji ya kunywa. Mwenzangu alivaa glavu, akakunja kitambaa safi, akakiweka juu ya jeraha na kulalia kwa mikono miwili, uzito wote. Kitambaa kiliposhiba damu hakukitoa. Aliongeza kingine juu yake. Hakufunua kuchungulia hata mara moja. Mimi nilipiga 999 na kuwazuia watu. Yule kijana aliondoka pale akijibu maswali.

Na mwenye kifafa, kwa hisani yako, asitiwe kijiko mdomoni. Mwondolee vitu vya kumuumiza, muwekee kitu laini chini ya kichwa, akitulia mlaze ubavu.

Ukimfikisha mtu hospitali ukaambiwa mlipe kwanza, jua kwamba Katiba, ibara ya 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 imeweka faini ya hadi shilingi milioni 3 kwa hospitali inayokataa kutoa huduma hiyo ilhali ina uwezo. Yaseme hayo kwa adabu, lakini yaseme.

Mimi naamini sheria zetu zingepaswa kwenda mbele zaidi. Jimbo la California kule Marekani limeandika katika kanuni zake kwamba polisi, wazima moto na waokoaji wa ufukweni wapate mafunzo yasiyopungua saa 21, na warudie kila baada ya miaka 2. Sisi tuna Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi Binafsi ya 2016 inayotaka mlinzi asajiliwe. Wabunge wetu wangeongeza humo saa za mazoezi ya mikono na muda wa kurudia, kwa walinzi na kwa vijana wanaookoa watu baharini.

Kwa sasa, toa cheti chako leo usome tarehe. Kama kimepitwa, au kama hukumbuki mara ya mwisho kugusa sanamu, mwandikie msimamizi wako kabla ya ratiba ya mwezi ujao kupangwa, na uombe mwenzako wa zamu ya usiku aende nawe.