Mbwa kwenye boti ya kuja Goma

Dada, nimekuelewa: unatoka Bukavu na boti, unataka siku mbili za kupumzika Goma kando ya Ziwa Kivu, na moyo haukuruhusu kumwacha mbwa wako. Mlete. Ila chanjo ya kichaa cha mbwa apate walau mwezi mmoja kabla, na karatasi yake uibebe. Ongea na wenye boti kabla ya kulipa tiketi. Mbwa wangu sikumpa chakula asubuhi ya safari, akalala miguuni pangu bila kutapika.

Ninachokuhofia zaidi ni mazuku. Hewa hiyo ya kaboni dioksidi ni nzito, inatuama mashimoni na mabondeni karibu na ziwa, haionekani, na mbwa pua yake iko chini. Anaweza kufa wewe umesimama hapohapo unapumua vizuri. Alfajiri, upepo ukiwa umetulia, usimfungue kamba hata kidogo. Akianguka shimoni usishuke kumtoa, nakuomba sana. Waulize wenyeji sehemu za kuepuka.

Mawe ya volkano nayo yanakata. Wangu alitoka damu katikati ya vidole. Kidonda kikiwa kirefu, mpeleke kwa veterineri. Na akimng'ata mtu, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.