Lenzi za kuzungusha kwa mkono kwa picha za ukumbini: jibu kwa mdau wa Tabora

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una kamera ya Sony a6000 na ile zumu ya milimita 16-50 iliyokuja nayo, unapiga harusi na kipaimara kwenye kumbi za Tabora, picha zinajaa chenga, na umeona lenzi za Kichina za f/1.4 (namba ya f ni kipimo cha tundu linalopitisha mwanga; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) zinauzwa bei nafuu ila hazina autofokasi, yaani ukali wa picha unautafuta mwenyewe kwa ringi. Umeuliza kama ni kutupa hela, na kama kweli mtu anaweza kufanya kazi ya kulipwa huku anazungusha ringi kwa mkono. Mimi niko Kigoma, na tangu 2019 kazi zangu nyingi za usiku nazifanya kwa lenzi za aina hiyo. Inawezekana kabisa. Ila mkono lazima uufundishe kwanza, na lenzi uipime kabla hujaipokea, na haya mawili ndiyo wauzaji hawakuambii.

Tuanze na mwanga, maana ndiyo shida yako. Zumu yako ukiivuta hadi 50 inabaki f/5.6. Lenzi ya f/1.4 inapitisha mwanga mara 16 ya huo. Picha uliyoipiga kwa ISO 6400 (ISO ni jinsi kamera inavyoukuza mwanga, ikipanda na chenga zinapanda) ikatoka kama imemwagiwa mchanga, kwa spidi ileile ya shata, yaani muda uleule wa kupokea mwanga, na ukumbi uleule, unaipiga kwa ISO 400. Flashi nayo ina mahali pake, lakini kuna nyakati inaharibu kila kitu. Mama anapomshika binti yake mikono kwenye send-off na kumnong'oneza maneno ya mwisho, ukiwasha flashi pale wote wawili wanageuka kukuangalia wewe.

Thamani ya tundu kubwa niliielewa huku kwetu, Ziwa Tanganyika. Nilitoka na wavuvi wa Kibirizi, hapa Kigoma, usiku wa giza, kwa kuwa dagaa huvuliwa mwezi ukiwa haupo na taa ndiyo inayowavuta juu. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za betri. Mwanga wote unaelekezwa majini, uso wa mtu unapata mabaki tu yanayorudi kutoka kwenye maji. Zumu ilikuwa inakwenda mbele na kurudi inatafuta fokasi, haipati. Nikaweka 35 ya f/1.4, nikasogea hadi kama mita moja na nusu, nikapiga mikono ya mzee mmoja aliyekuwa anavuta wavu. Magamba madogo yanang'aa juu ya kucha zake, kamba imelowa, tone la maji linaning'inia kwenye kiwiko. ISO 1600, spidi 1/60 ya sekunde. Picha hiyo leo iko ukutani kwake, na tangu usiku ule sijaenda ziwani bila lenzi hiyo.

Sasa mkono. Ukifunga lenzi ya namna hii mara ya kwanza kamera itagoma kupiga, itadhani haina lenzi, kwa sababu hakuna waya wowote wa mawasiliano kati yao. Ingia kwenye menyu, tafuta kipengele cha kuruhusu shata ifanye kazi bila lenzi, kiwashe. Halafu washa rangi ya kingo, ile ambayo kamera inapaka wekundu au unjano kwenye kila kitu kilicho ndani ya fokasi. Weka nyekundu, na kiwango cha chini. Kisha kitufe kimoja kilicho karibu na kidole kipe kazi ya kukuza picha kwenye kioo cha jicho.

Hapo wengi wanapotea. Wanaiamini rangi. Rangi hufuata kingo zenye utofauti mkali wa mwanga na giza, na katika shughuli zetu kitu chenye kingo kali kuliko vyote ni kitenge. Unampiga shangazi mtu, maua ya kitenge begani yamewaka nyekundu tele, wewe unafurahi, ukifika nyumbani bega liko ndani ya fokasi na macho yako nje. Kwa lenzi ya 35 kwenye sensa (kile kibamba kinachopokea picha ndani ya kamera) ya ukubwa wa a6000, ukiwa f/1.4 na mtu yuko mita moja, kilicho ndani ya fokasi kwa mbele na nyuma jumla ni kama sentimita nne na nusu. Vidole vitatu. Bega na jicho haviwezi kuingia pamoja hapo. Ukirudi hadi mita mbili unapata kama sentimita 18, karibu shubiri moja, na hapo mtu ana nafasi ya kupumua bila kutoka kwenye fokasi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: usisogee kama huna sababu. Piga kutoka mita mbili, kuza kwenye jicho, zungusha mpaka kope zionekane moja moja, rudisha picha nzima, piga tatu mfululizo. Ya kwanza mara nyingi inakuwa ya tahadhari. Ya pili ndiyo picha.

Kwa bwana na bibi harusi wanaoingia ukumbini wakicheza, usiwafukuze na ringi. Mimi nawahi mlangoni, nachagua mahali kwenye zulia, labda penye mshono au ua la pembeni, nafokasi pale kutoka mita tatu na nafunga tundu hadi f/2.8. Kwa umbali huo nina karibu sentimita 80 za usalama. Nasubiri. Wakikanyaga pale, napiga. Mwanga wa f/2.8 bado ni mara nne ya zumu yako ikiwa f/5.6, kwa hiyo hujapoteza ulichokinunulia.

Zoezi la mkono lenyewe halina gharama. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na mimi nikakosa picha za wavuvi nilizozoea kuuza, kila jioni nilikaa kibarazani na kamera bila kupiga. Nilichagua kitu, mti, baiskeli inayopita, mtoto wa jirani, nazungusha ringi hadi ifike, naangalia, nachagua kingine. Baada ya wiki tatu mkono ulijua wenyewe kwamba kutoka mita moja hadi mita mbili ni mzunguko wa kiasi gani, na upande gani ni karibu, upande gani ni mbali. Kumbuka lenzi za kampuni tofauti zinaweza kuzunguka kinyume. Hiyo ndiyo sababu nakusihi ununue moja tu kwanza. Mwenye lenzi tatu za kuzungusha na miezi miwili ya uzoefu atakuwa anakosea kwa zote tatu.

Jambo la taa, fupi. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za ukumbini zinapepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Ukipata mwanga mwingi wa f/1.4 utashawishika kupandisha spidi hadi 1/500, halafu picha zinatoka na mistari au rangi zinabadilika picha hadi picha. Baki 1/100 au 1/50, shusha ISO badala yake. Taa za rangi za MC zina tabia zake, piga ya majaribio kabla wageni hawajajaa.

Nije kwenye kupima. Lenzi yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa 50, jina la kampuni naliacha. Niliagiza kwa mtu wa Kariakoo, ikaja kwa basi, nikalipia bila kuijaribu. Mchana ilionekana nzuri. Usiku nikaenda Bangwe kupiga taa za wavuvi zilizotapakaa ziwani, nikazungusha ringi hadi mwisho wa mbali, na kila taa ikabaki kijiduara kinene. Lenzi haikufika mbali. Ilikuwa inaishia kama mita 15 na haiendi zaidi. Muuzaji hakutaka kuirudisha. Iliokolewa na fundi saa mmoja wa mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma: aliona skrubu tatu ndogo mno chini ya ringi ya fokasi, akazilegeza, tukaisogeza ringi kidogo kidogo huku nikiangalia taa ya mnara wa simu kwenye kioo cha kamera, akazikaza. Kazi ya dakika 20. Lenzi nyingi za bei hii zina skrubu kama hizo, ila usijaribu kwa bisibisi ya kawaida, vichwa vinalika na ndiyo mwisho.

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja, na wewe wa Tabora usiye na taa za ziwani tumia taa nyekundu ya juu ya mnara wa simu. Usiku, kamera juu ya kitu kisichotikisika, tundu wazi kabisa. Weka taa katikati ya picha, zungusha ringi. Lazima uweze kuifikia fokasi na kuipita kidogo kabla ringi haijagota. Ikigota kabla, ina ugonjwa wa yangu. Kisha hamisha kamera taa iwe kona ya kushoto, piga, halafu kona ya kulia, piga. Taa ya konani kwa f/1.4 itakuwa na mabawa kama ndege, hilo ni la kawaida kwa lenzi hizi na halina ubaya. Unachotafuta ni mabawa kuwa sawa pande zote mbili. Kama kushoto ni ndege mdogo na kulia ni doa kubwa limetawanyika, kioo kimoja ndani kimekaa upande. Hiyo hakuna fundi saa atakayeiweza, rudisha. Kwa hiyo kabla ya kulipa, kubaliana na muuzaji siku tatu za kujaribu. Asiyekubali, mwache.

Umeuliza jina. Kwa fedha uliyotaja, shilingi laki tatu, mimi ningechukua TTArtisan 35mm f/1.4. Yangu hadi inafika Kigoma haikuzidi laki mbili na nusu. Ni ya chuma, gramu kama 180, ringi ya tundu ina kituo unachokisikia kidoleni kila hatua, na inafokasi kuanzia sentimita 28, yaani pete vidoleni unazipata. Kwenye sensa yako 35 inaona kama 52 inavyoona kwenye kamera za sensa kubwa, ukumbini inakutosha mtu mmoja hadi watu watano. 7Artisans wana 35mm f/1.2, toleo la kwanza ringi ya tundu haina vituo, inateleza tu. Wanaopiga video wanaipenda, mimi gizani napenda kusikia kituo, nijue niko wapi bila kushusha kamera. Kampuni zote mbili ni za Shenzhen. Zhongyi wa Shenyang wana Mitakon 35mm f/0.95, na najua namba hiyo inavutia, lakini bei ni nyingine kabisa na fokasi ya mita moja inakuwa vidole viwili. Usianzie huko.

Usitarajie miujiza ukiwa wazi kabisa. Kingo za shela jeupe mbele ya taa zitapata uzambarau, na balbu ikiingia ndani ya picha rangi zinafifia. Funga hadi f/2, vyote vinapungua sana, na tafuta kifuniko cha mbele cha kukinga mwanga wa pembeni, kwa sababu mara nyingi hakimo kwenye boksi. Na kwa kuwa kamera haiandiki tundu ulilotumia, nina kidaftari mfukoni kwa wiki za mwanzo.

Yule mdau aliyeuliza chini yako kuhusu kamera za renjifainda (zile unazofokasi kwa kulinganisha picha mbili kwenye kidirisha) na lenzi za mdomo wa M, yaani zinazofungwa kwenye kamera kwa mfumo wa Leica M: hapo nina neno la kutia moyo. Mdomo wa M umekuwepo tangu Leica M3 ya 1954, na lenzi yake inakaa milimita 27.8 kutoka kwenye sensa au filamu, wakati Sony E ni milimita 18. Nafasi hiyo iliyobaki ndiyo inayoingia adapta nyembamba, haina kioo ndani, bei ndogo. Lenzi moja ya M utaitumia leo kwenye Sony, kesho kwenye Fujifilm au Nikon Z kwa kubadili adapta. Ila nyingi hazifokasi karibu kuliko sentimita 70, na ukiiweka kwenye renjifainda yenyewe lazima kile kimkono cha ndani ya kamera kinachosoma fokasi ya lenzi kikubaliane na lenzi yenyewe. Kwa lenzi ya f/1.1 kutokukubaliana kidogo tu kunahamisha fokasi kutoka jicho hadi sikio. Kwenye mirolesi, yaani kamera zisizo na kioo cha kuakisi kama hiyo a6000, tatizo hilo halipo, unaona sensa inachokiona.

Kwako mkuu, kama lenzi itapita Kigoma au una safari ya treni kuja huku, njoo nayo tuijaribu pamoja. Kama haipiti, siku ikifika Tabora, usiku uleule piga taa ya mnara, katikati, kushoto na kulia, f/1.4, usihariri chochote, uziweke hapa. Nitakwambia asubuhi kama ni ya kubaki nayo.