Gitaa la koni kulipigia mapajani: nibadilishe shingo?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mjomba ameniachia gitaa la koni ya alumini (resoneta, koni iliyo ndani ndiyo inayokuza sauti), shingo yake ya mviringo. Nataka kulilaza mapajani nipige kwa kipande cha chuma, lakini chuma kinagonga freti, vile vijiti vya chuma vya shingoni. Seremala mmoja hapa Langoni, Lamu, anasema tubandue shingo tuweke ya mraba. Tufanye?

JIBU: Marahaba. Msibandue kitu! Kinachotakiwa ni kuinua nyuzi tu. Upande wa kichwani zikae milimita 8 hadi 10 juu ya ubao wa shingo. Kuna kidaraja cha chuma cha kazi hiyo, huvalishwa juu ya kile kimfupa nyuzi zinapopita. Usipokipata, huyo seremala akuchongee cha mpingo au cha mfupa wa ng'ombe, chini kiwe na mfereji wa kukalia.

Legeza nyuzi kiasi cha kukipenyeza, basi. Kama koni yako ina kitufe cha mbao katikati, hushikiliwa na mkandamizo wa nyuzi peke yake. Ukizilegeza zote kabisa, itahama.

Nyuzi lazima zilale sawa. Weka kile chuma cha kupigia juu yake, kisha inua gitaa usawa wa jicho, uelekee dirishani. Ukiona mwanga chini ya chuma kwenye uzi wa kwanza na wa sita, za kati zimepanda: ongeza kina cha mifereji yake kwa tupa. Kagua na upande wa koni vilevile, ila huko piga tupa kwa woga, kwani mbao inayobeba nyuzi ikishaliwa hairudi.

Hatari yenyewe iko kwenye kutyuni, yaani kupanga noti za nyuzi. Wapigaji wa bluegrass, muziki wa nyuzi wa Marekani, hutumia G-B-D-G-B-D (kuanzia uzi wa sita, ulio mnene, hadi wa kwanza), lakini gitaa zao zina shingo nene ya mraba, imeundwa kubeba mkazo huo. Uzi uleule wa sita ukiupandisha kutoka E yake ya kawaida hadi G, mkazo huongezeka kwa takriban asilimia 40. Wa tano, kutoka A hadi B, asilimia 26. Shingo yako, tena ya zamani, itapinda. Wewe tumia D-G-D-G-B-D. Ni kodi ileile ya G, ila nyuzi tatu zinashushwa kutoka E-A-D-G-B-E ya kawaida na hakuna hata moja inayopanda. Ukiing'ang'ania ile ya bluegrass, basi wa tano na wa sita weka nyembamba zaidi.

Pesa za shingo mpya nunulia chuma kizito cha kupigia, cha gramu 200 hivi. Chepesi hukwaruza na kutetema juu ya nyuzi.