Maswali ya Wasomaji: Anga Kama Lilivyo Mombasa

Tulifundishwa kwamba huku kwetu jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka. Tarehe 21 Machi, saa sita kamili mchana, nilisimamisha fimbo ya mita moja uani, na kivuli bado kilikuwepo. Nilikosea wapi?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kisauni*

Tarehe haikuwa yenyewe, na saa pia haikuwa yenyewe. Tarehe 21 Machi jua huwa juu ya ikweta, na Mombasa iko digrii 4 kusini yake. Kwetu sisi jua hufika utosini yapata tarehe 10 Machi likielekea kaskazini, na tena tarehe 3 au 4 Oktoba likirudi.

Sasa saa. Saa za Kenya zimefuatana na longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Mombasa iko digrii 39 na dakika 40. Dunia huzunguka digrii moja kila dakika 4, kwa hiyo jua hutufikia likiwa limechelewa kama dakika 21. Tena mwendo wa dunia kulizunguka jua hauko sawa mwaka mzima na mhimili wake umeinama, hivyo jua huwahi au huchelewa zaidi, hadi robo saa. Ukijumlisha yote, adhuhuri ya kweli huwa saa sita na dakika 32 tarehe 10 Machi, na saa sita na dakika 10 tarehe 4 Oktoba. Siku yako wewe, saa sita kamili, kivuli kilipaswa kuwa cha sentimita 14 au 15. Kama ulipata hivyo, ulipima vizuri sana.

Rudia Oktoba. Simamisha fimbo kwa timazi, maana ikiinama digrii moja tu unapata kivuli cha uongo cha karibu sentimita 2. Ukipimia juu ya paa la zege, kumbuka sakafu yake huwa na mteremko ili maji ya mvua yafuate mlizamu. Laza ubao, uusawazishe kwa pimamaji. Tia alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 5, kuanzia saa sita kasorobo. Ukingo wa ncha utakuwa na ukungu wa karibu milimita 9, kwa sababu jua lina upana wa nusu digrii. Pima katikati ya ukungu huo. Jua lenyewe usilitazame.

Halafu usiache. Tarehe 21 Juni kivuli kifupi kuliko vyote vya siku hiyo kitakuwa na sentimita 52, kikielekea kusini. Tarehe 21 Desemba sentimita 35, kikielekea kaskazini. Kwa kikokotoo, hizo ni pembe za jua kutoka utosini: digrii 27.5 na 19.4. Zijumlishe, ugawe kwa mbili: unapata mwinamo wa dunia, digrii 23.4. Zitoe, ugawe kwa mbili: unapata latitudo ya Mombasa, digrii 4. Fimbo, timazi na subira ya miezi sita. Hatujui zoezi la shule lililo bora kuliko hili.

Kitabuni mwezi mchanga umechorwa umesimama kama mundu. Mimi nikitafuta mwandamo wa mwezi huuona umelala kama mashua. Je, mchoro una makosa?
*Msomaji, Mji wa Kale*

Mchoro ni sahihi kwa aliye mbali na ikweta, tuseme London. Upande wenye nuru daima huelekea jua. Huko jua huzama kwa mshazari, mwezi ukabaki pembeni yake. Hapa jua huzama karibu wima, mwezi ukabaki juu yake, basi nuru inaupiga kutoka chini. Juni na Desemba mashua hulala sawa. Machi na Septemba huinama upande mmoja.

Na sehemu iliyo giza si kivuli cha dunia, kosa tunaloletewa kila mara. Ni upande wa mwezi ambao jua halijaufikia. Kivuli cha dunia huugusa mwezi wakati wa kupatwa tu, ukiwa mpevu.

Programu ya simu inanionyesha Nyota ya Kaskazini, lakini nikiinua macho siioni.
*Msomaji, Likoni*

Programu nyingi huchora hata nyota zilizo chini ya upeo wa macho. Nyota hiyo, kwa aliye Mombasa, iko chini yake kwa zaidi ya digrii 3. Kutafuta mwelekeo, tumia Msalaba wa Kusini, nyota nne zilizokaa kama msalaba. Katikati ya Mei, saa tatu usiku, huwa umesimama wima, mguu wake ngumi tatu juu ya upeo wa macho (ngumi ukinyoosha mkono ni digrii 10). Refusha mti wake mrefu mara nne na nusu kuelekea chini, na hapo ndipo ncha ya kusini ya anga. Wengi hukamata msalaba wa uongo, mpana na hafifu zaidi. Wa kweli una nyota mbili kali kando yake upande wa mashariki.

Wazee husema: "Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Lina ukweli wowote wa kisayansi?
*Mwalimu, Changamwe*

Lina ukweli. Kila nyota huchomoza dakika 4 mapema kuliko jana, saa mbili nzima kwa mwezi. Kilimia, kishada cha nyota ndogo zilizosongamana, humezwa na mwanga wa machweo mwanzoni mwa Mei, masika yakiwa yamepamba moto, na hukosekana kwa takriban wiki tano; kikizuka, masika yamepungua. Kitafute kuanzia tarehe 12 Juni, saa kumi na moja na nusu alfajiri: karibu ngumi moja juu ya upeo wa macho, ngumi mbili na nusu kushoto ya mashariki. Robo saa baadaye mapambazuko yatakuwa yamekifuta.