Jeraha limepona, maumivu yamebaki

SWALI: Shikamoo daktari. Mwaka jana niliteguka kifundo cha mguu nikivuna zabibu huku Hombolo. Eksirei haionyeshi kasoro, lakini hata shuka likinigusa naumia. Je, ni mawazo tu?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba. Maumivu yako ni ya kweli, na inanisikitisha mgonjwa anapoambiwa anajisingizia. Mishipa ya fahamu ikipeleka taarifa za jeraha kwenye uti wa mgongo kwa nguvu na kwa muda mrefu, seli zinazozipokea huongezeka wepesi wa kuitikia, hata mguso mwepesi ukasafirishwa hadi kwenye ubongo kama maumivu, ingawa jeraha limekwisha kupona. Yakizidi miezi 3 huitwa maumivu sugu. Tembea kidogo kidogo kila siku, ukisaidiwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Mguu ukivimba au ukibadilika rangi, wahi hospitali.